Rimoti Ndani ya Kibwebwe

Jumatatu, 15 Septemba

Maandishi mekundu tena! Yametokea kwenye kioo cha televisheni saa kumi na moja kasoro, wanawake wamekwisha kukaa, tamthilia inataka kuanza. Najma, mke wa mwanangu Sufiani, akayasoma kwa sauti kana kwamba nimemtuma: betri ya rimoti inakaribia kwisha. Nikamwambia haiwezi kwisha, nimeitia Alhamisi. Akasema ndivyo ilivyoandikwa. Kila kitu kikiandikwa yeye anaamini.

Na mimi naandika, nisije nikasingiziwa kuwa nimesahau. Nilisoma ngumbaru miaka miwili hapa hapa Zinga na cheti nilipewa, kwa hiyo kalamu naijua. Televisheni aliileta Sufiani kutoka Dar mwezi wa saba. Rimoti yake si kama za watu. Haitaki kuelekezwa popote. Uko uani, umeipa televisheni mgongo, unabonyeza tu, inatii. Inatumia blututhi. Hata simu ya Najma ina blututhi hiyo na inaweza kuiendesha. Mwanamke aliyekuja kwangu na sanduku moja anaendesha televisheni yangu kwa kidole! Ndiyo maana rimoti nimeitia ndani ya kibwebwe, kanga nimeikaza kiunoni, mafundo mawili. Mwenye kutaka kubadili chaneli aje anifungue kiuno.

Jambo lenyewe hasa ni mkeka. Jumapili mjukuu wangu Naila anaolewa Mkange. Mbele ya wakwe nilisema nitamletea mkeka wa ukindu, mkubwa, wa rangi tatu, niliousuka mimi kwa mikono yangu hii miwili. Nikasema umekwisha. Haujaisha. Unataka ukili, ule utepe unaosukwa kisha ukashonwa, pima ishirini, ninao pima kumi na moja. Tangu masika vidole vyangu havikunjiki vizuri. Hilo halijui mtu wala halimhusu mtu.

Akili lakini ninayo. Kila jioni wanawake sita wanakuja kwangu kutazama tamthilia. Bi Hajra akishakaa tu namwekea ukili mapajani, namwambia nishikie kidogo nikaangalie chungu. Chungu hakina kitu. Mwanamke wa huku ukimpa ukili hawezi kuushika bure. Vidole vinakwenda vyenyewe, macho yako kwenye televisheni. Nikirudi ni shibiri tatu. Naupokea, nampa mwingine, nakwenda kutia udhu. Leo nimetia udhu mara nne. Wamenisukia pima moja na nusu na hawana habari!

Ila televisheni ina vituko. Nikiinama kuokota ukili inapiga kelele kama ngoma, nikisimama inanyamaza. Bi Hajra akauliza isije ikawa ina shetani. Nikamwambia shetani ni majirani.

Jumanne, 16 Septemba

Betri zimekufa kabisa. Najma anasema zinunuliwe mbili, mpya, za aina moja, zitiwe siku moja. Mbili za nini? Haziwezi kufa zote saa moja kama wapenzi. Nimenunua moja dukani kwa Husseni, ya pili nimeitoa kwenye saa ya ukutani. Saa imesimama saa tatu na robo. Sawa, kwangu ni saa tatu na robo mpaka nitakapotaka mwenyewe.

Ikafanya kazi nusu saa, ikazima. Najma akasema mpya na kuukuu hazichanganywi, ile nzima hunyonywa na ile mbovu. Neno hilo limeniingia. Kunyonywa.

Basi nikafanya tulivyofanya siku zote. Nikaziuma kidogo kwa jino, nikazianika juu ya bati la banda la kuku, jua kali. Zinaamka, wallahi! Redio ya marehemu mume wangu iliishi hivyo miaka saba. Nikaketi kulinda. Nikasinzia dakika moja tu. Kunguru huyo! Kachukua ile mpya, ile ya saa kaiacha. Nikamrushia kandambili. Kandambili iko juu ya bati mpaka sasa.

Jioni ikabidi Najma awashe televisheni kwa simu yake. Akaiwasha mbele za watu, kidole kimoja, miguu kaikunja, kama yeye ndiye mwenye nyumba. Wanawake wakamsifu. Bi Hajra akasema Bi Mwaija, Mungu amekupa mkwe. Nikaenda jikoni kuangalia chungu changu kitupu, nikakasirika huko peke yangu.

Pima mbili lakini. Jumla kumi na nne na nusu.

Jumatano, 17 Septemba

Asubuhi nimenunua betri mbili mpya, za aina moja. Sikumwambia Najma. Kaziona mwenyewe, akafurahi, akaniomba sasa rimoti niiache juu ya meza. Juu ya meza! Ili kila mpita njia aipapase? Nimeikaza kiunoni fundo la tatu.

Adhuhuri maandishi mekundu. Nusu siku! Hapa kuna mtu.

Nikamwita Najma nikamwuliza polepole, kama mtu asiye na haja, hiyo blututhi inapita ukuta? Akasema inapita. Inafika wapi? Akasema hatua kumi hivi, hutegemea. Nikatoka kuhesabu, kutoka televisheni yangu mpaka dirisha la Mardhiya. Tisa! Zingekuwa kumi na mbili ila nilitanua miguu.

Mardhiya ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Katoka Bagamoyo mjini, nyumba za mawe, ana miaka arobaini hapa Zinga na bado akitia chumvi kwenye mchuzi anasema kwetu mjini hatutii hivi. Televisheni yake kubwa kuliko yangu. Na sijapata kumsikia akilalamika betri, hata siku moja. Kwa nini? Kwa sababu ananyonya zangu!

Nimetundika upande wake wa ukuta vifuniko vitatu vya sufuria, sinia la pilau na bati la kuokea mikate. Chuma hakipitishi kitu. Mardhiya akachungulia dirishani akauliza, shoga, umefungua duka? Nikamwambia nimefunga, na wezi wajue nimefunga. Akatazama sana, akasema vifuniko vyenyewe havijasuguliwa.

Vifuniko vyangu! Mimi! Nimevishusha, nimevisugua kwa majivu mchana kutwa badala ya kusuka. Na kila nikiinama kusugua, naisikia televisheni ndani inahama yenyewe. Habari, mpira, mawaidha, habari. Ananichezea makusudi.

Jioni ndiyo balaa. Bibi harusi wa kwenye tamthilia kapewa barua, anataka kuifungua, tumeshika roho. Nikaketi. Kioo kikageuka mpira! Nikabonyeza, rimoti haisikii. Najma hayupo, kaenda Mapinga kwa dada yake na simu yake. Wanawake wakangoja kwa adabu, dakika mbili. Mara dirishani kwa Mardhiya tukamsikia bibi harusi analia. Kaongeza sauti, najua kaongeza! Wakainuka mmoja mmoja, samahani Bi Mwaija, tunarudi sasa hivi. Bi Hajra kaondoka na ukili wangu mkononi. Anasuka huku anatembea!

Ukili wangu umelala kwa Mardhiya.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekwenda kwa Rehani, fundi wa redio na simu pale barabarani. Nikazunguka kwanza nyuma ya kibanda chake kufungua kibwebwe, mtu mzima hafungui nguo mbele ya vijana. Shikamoo bibi. Marahaba. Akaifungua rimoti, akavisugua vile vyuma vinavyoshika betri kwa kifutio cha penseli, akasema vimeingia kutu, kama kutu ya jasho. Jasho la nani? Akauliza inakaa wapi. Nikasema inakaa pazuri.

Akauliza kama kuna kitu kinakandamiza vitufe. Anasema kitufe kikikandamizwa, rimoti inaongea na televisheni mchana kutwa, na betri inakwishia kwenye maongezi hayo. Nikamwambia rimoti yangu haishikwi na mtu yeyote na haina nafasi ya kuongea. Akasema basi bibi, iache mezani peke yake siku moja tu, tuone. Meza, meza! Wote wanasema meza. Nikamwuliza kama anamjua Mardhiya. Akasema ni shangazi yake.

Haya. Nimekwisha kuelewa.

Nyumbani nikamkuta Najma kauleta ukili. Umeongezeka pima mbili nzima, na ukingo umenyooka kama umepigwa rula. Nikauliza nani kasuka hapa. Bi Mardhiya mwenyewe. Tena kauliza mbona ukili huu mmoja una mikono ya watu watano. Nikajifanya nina shughuli na kuku.

Jioni hakuna aliyebisha hodi. Wamekwenda kwa Mardhiya moja kwa moja, nawasikia wanacheka. Nimejaribu kusuka mwenyewe. Shibiri moja. Ya pili kidole gumba kikagoma kabisa, nikakishika kwa mkono wa pili kama mtu anayemvuta mbuzi. Pima kumi na sita na nusu, na kesho kutwa ndiyo safari ya Mkange. Nikausukuma ukili chini ya kitanda. Macho yalikuwa yanatoka machozi. Moshi.

Najma alichungulia, akaondoka. Nimekuta chupa ya mafuta ya karafuu mlangoni kwangu. Sijui ni ya nini. Nimejipaka vidole kidogo, yasiharibike.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeamka na mpango. Leo tamthilia inakwisha, barua inasomwa. Nimepika kaimati sinia zima, shira nzito, na mlango nimeuacha wazi ili harufu ifike inakotakiwa kufika. Betri mbili mpya ninazo, nimezitia baada ya sala ya Ijumaa. Na simu ya Najma nimeichukua juu ya kabati alipokuwa anafua. Sikuiiba, nimeihifadhi. Sitaki leo tena mtu aniwashie televisheni kwa kidole mbele ya wageni. Rimoti kiunoni kulia, simu kiunoni kushoto. Nimekaa sawa sasa, sielemei upande. Simu ina joto kama chapati. Nzuri kwa mgongo.

Wakaja wote! Na Mardhiya pia! King'amuzi chake kimekatika tangu asubuhi, kasahau kulipia. Kwao mjini wanasahau. Akaingia na salamu ndefu, hujambo shoga, za nyumbani, za watoto, macho yako kwenye vifuniko vyangu. Vinang'aa kama fedha. Nikamkaribisha, nikamweka nyuma.

Bibi harusi kaishika barua. Kaifungua. Bi Hajra kashika mdomo. Nikainama kumpa Mardhiya kaimati, na kioo kikageuka.

Nguruwe! Kipindi cha ufugaji wa nguruwe! Nguruwe mzima kalala ubavu, vitoto kumi na viwili vinanyonya, sauti juu kabisa, nyumbani kwangu, siku ya Ijumaa! Astaghfirullah sita kwa mpigo. Bi Hajra akajifunika kanga uso wote isipokuwa jicho moja. Nikapapasa kiunoni, nikabonyeza juu ya nguo, nikabonyeza tena. Wapi! Imekufa. Nguruwe wanaendelea kunyonya.

Najma akakimbilia simu yake. Haipo. Akatafuta kabatini, chini ya mito, ndani ya beseni la nguo. Akarudi kabatini mara ya pili, maana Sufiani humpigia saa hizo na kesho ndiyo atatuletea gari la kwenda Mkange. Nikasema kwa sauti kuwa baadhi ya majirani wana mikono mirefu, na mikono mirefu haizuiwi na ukuta. Nikamtazama Mardhiya.

Mardhiya akanitazama kiuno. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya dagaa: Mwaija, shoga yangu, mbona unawaka taa?

Tochi ya simu! Ilikuwa inawaka ndani ya kanga, sijui tangu saa ngapi. Nikasema ni jua. Akasema jua la kiunoni hajapata kuliona hata kwao mjini. Bi Hajra akashika pindo, nikarudi nyuma, mafundo yote matatu yakafunguka. Vikaanguka kimoja kimoja. Rimoti. Simu. Betri ya saa. Na ule ufunguo wa kabati la sukari tuliomsingizia binti wa kazi tangu Ramadhani. Simu ikalia mara moja kama inaaga, ikazima.

Halafu kicheko! Bi Hajra alilala chini. Najma akaiokota rimoti, vitufe vimelowa jasho, akawaeleza wote, pole kwa pole, bila hata kunionea huruma: mama akiinama inabonyezwa, akiketi inabonyezwa, mchana kutwa inaongea na televisheni, na betri zinakwenda. Bi Hajra akapiga hesabu, akiinama kelele, akiketi mpira, akimpa mtu kaimati nguruwe. Mardhiya akauliza, na vifuniko? Nikasema vifuniko ni pambo.

Mtu akatumwa kwa Husseni. Akarudi na jibu kwamba betri za aina hiyo zimekwisha, Bi Mwaija kazinunua zote. Simu ikatiwa kwenye chaji. Ilipowaka na Najma akatoa nguruwe, kwenye kioo yanapita majina ya waigizaji.

Nilijua wataondoka. Nikageuka upande wa kuku.

Hawakuondoka. Bi Hajra akaanza kusema barua iliandikwa nini, mwingine akambishia, kila mmoja na barua yake. Na Mardhiya, sijui nani kamwonyesha, akatoka chumbani kwangu na ukili. Akaukunjua. Akanishika mkono kama ananisalimia tena, akapapasa vidole kimoja kimoja. Hakuuliza chochote juu ya vidole. Akauliza mkeka unatakiwa lini. Nikasema umekwisha. Akasema ndiyo, umekwisha, unatakiwa lini? Nikasema Jumapili.

Akamwambia Najma aloweke ukindu. Akagawa, kila mmoja akaanza ukili wake. Mpaka adhana ya Magharibi zilikuwa pima nne. Kaimati hazikubaki.

Jumapili, 21 Septemba, Mkange

Naandikia nyuma ya kadi ya harusi, daftari limebaki nyumbani.

Jana tumeshona tangu alfajiri, mimi napanga ukili, Mardhiya anashika shazia, ile sindano kubwa ya mikeka. Tukamalizia ndani ya gari, njia nzima ya vumbi, kila gari likiruka ananichoma goti na kusema samahani shoga. Goti lile lile mara tisa. Sidhani kama ni barabara.

Leo mkeka umetandikwa. Mashallah! Watu wakasimama kuutazama. Mzee Bwanausi, babu wa bwana harusi, akauliza kasuka nani. Nikasema nimesuka mimi, kwa mikono yangu hii miwili.

Mardhiya alikuwa ubavuni kwangu. Akakohoa. Akakohoa mpaka akaletewa maji.

Mama wa bwana harusi akainama, akapapasa, ana macho yule mwanamke. Akauliza mbona kila ukili una mkono wake. Nikamwambia ni moyo wa msukaji. Huu nilikuwa na furaha, huu nilikuwa na hasira, huu hapa uliopinda nilikuwa namfikiria mkwe wangu. Na huu ulionyooka sana, usio na uhai, nilisuka usingizini.

Mardhiya akaacha kukohoa.

Naila akaja, hina mpaka viwiko, akaketi juu ya mkeka, akavichukua vidole vyangu akavibusu vyote. Viliuma. Sikuvuta mkono.

Tulipokula, Mardhiya akanisogezea mnofu wake kwenye sahani. Akasema kula, umechoka na kusuka.

Jumanne, 23 Septemba

Tumerudi salama. Sufiani kaniletea rimoti nyingine. Hii haina betri za kubadili, inachajiwa kwa waya kama simu. Kanisomea masharti yote: isikandamizwe, isipate joto wala jasho, ikae juu ya meza. Nikamwitikia vizuri, ndiyo baba, ndiyo baba. Najma kaitengenezea hata kitambaa cha kufuma, kaitandikia mezani kama maiti.

Mimi si mbishi. Kosa langu nimeliona na nakubali. Kosa lilikuwa kiuno. Kiuno kinainama, kinaketi, kinapinda. Kifua hakipindi. Kwa hiyo walipokwenda kumsindikiza Sufiani, rimoti nimeitoa kwenye kitambaa, nimeifunga kifuani ndani ya kanga, mafundo manne. Kwenye kitambaa nimeweka sabuni ya mche, nikaifunika. Urefu ni ule ule.

Haijapita saa moja. Hapa naandika nimeegemea meza ili mkono usichoke, na huko ndani televisheni imeanza yenyewe! Kelele! Mpira! Habari! Mawaidha! Nimechungulia kioo, maandishi mekundu haya hapa, na imetoka kwenye chaji leo leo.

Mardhiya! Na juzi tumekula sahani moja!

Vifuniko viko wapi?